Baada ya Elfu Mbili

4 Machi

Mwanangu Kidole,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na huo mzigo aliobeba tumboni. Sisi huku tupo, tunasukuma. Baba yako macho yamezidi. Jicho la kushoto sasa ni ukungu mtupu, na la kulia linamwonyesha kuwa huyu ni mtu, lakini ni nani hajui mpaka mtu aseme. Juzi alimkaribisha msoma mita ya maji, akamkalisha na kumuuliza habari za kazi na za mkwe, alidhani ni wewe. Yule bwana muungwana, akajibu yote. Tulicheka mpaka machozi, halafu baba yako akaingia chumbani kwake. Bati la jikoni linavuja palepale.

Nimekupigia simu mara nyingi, kila mara imezimwa. Ndiyo maana natuma kwa anwani ya kazini kwako, tena kwa rejista, isije ikapotea njiani.

Neno nililo nalo sijui kama ni dogo au kubwa. Ni juu ya ile programu uliyonitengenezea hapa mochwari. Kwa miaka miwili imetupumzisha, sikatai. Maiti akiletwa tunamwandika kwenye tableti, ndugu wakija kuuliza tunatafuta, na asiye na jina tunamtafuta kwa alama zake. Madaftari tuliyatupa kama ulivyosema.

Sasa kuna mzee mmoja fundi saa, ana kibanda karibu na soko. Mkewe alikuwa amepoteza kumbukumbu. Mwezi wa kumi alitoka nyumbani asubuhi kwenda kutupa maji machafu, hakurudi. Siku ya nne mzee akaja kwangu. Akanitajia alama: kovu la moto mkono wa kushoto, kitambaa cha kijani, na saa ya kiume mkononi ambayo mkanda wake aliushona yeye mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Nikaandika, nikabonyeza. Ikajibu: Hakuna aliyepatikana. Alirudi mara tisa, Kidole. Mara tisa nikabonyeza, mara tisa ikasema hakuna. Mara ya mwisho ilikuwa katikati ya mwezi uliopita. Nilimpa chai, nikamwambia, "Mzee, kama huku hayupo, basi yupo kwa walio hai. Usikate tamaa." Akatengeneza matangazo mapya, akapanda basi kwenda kuyabandika miji mingine.

Wiki iliyopita nilikuwa natoa mifuko ya nguo za waliozikwa na manispaa, ile inayokwenda kuchomwa. Mmoja ulikuwa na kitambaa cha kijani. Chini yake kulikuwa na saa ya kiume, mkanda umeshonwa kwa uzi wa nailoni. Lebo inasema namba 2117.

Nimeiandika 2117 kwenye tableti. Inasema hakuna.

Nijibu upesi, mwanangu. Chombo chako kina mwisho?

Shangazi yako.


11 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi tu. Posta za siku hizi unazijua mwenyewe, barua inatembea kwa magoti. Namba ya simu nilibadilisha tulipohama, nilidhani mke wangu amewatumia.

Sisi hatujambo. Mama kijacho miguu imevimba lakini daktari anasema ni kawaida. Kazini wamenipa kazi kubwa, naratibu uhamisho: wateja wenye programu za zamani nawapangia jinsi ya kupanda kwenda toleo jipya bila kupoteza kitu. Nina watu sita chini yangu, na kuna maneno kwamba mwezi wa nane nitathibitishwa kuwa mkuu wa kitengo. Mwambie baba. Mwambie pia yale matone ya macho asiyaache, hata kama yanawasha.

Kuhusu programu, pole kwa usumbufu. Mara nyingi tatizo huwa kwa mwandishi na si kwa chombo. Mmoja akiandika "kovu la moto" na mwingine "alama ya kuungua", mashine haiwezi kujua ni kitu kimoja. Hakikisheni mnaandika kwa namna moja. Na labda lebo ya mfuko ilikosewa namba.

Nitaiangalia nikipata nafasi.

Wako,
Kidole


24 Aprili

Kidole,

Marahaba. Baba yako nimemsomea barua yako. Aliposikia watu sita chini yako akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Mengine niliyaruka.

Mkeo ainue miguu juu ya mto akilala, na apunguze chumvi.

Hatukuandika vibaya. Tuna dada wa kompyuta hapa hospitalini, mfupi, mkali, hacheki na mtu. Nilimwita. Alikaa na tableti kutwa nzima, mwisho akaniita, "Mama Funguo, njoo uone." Akamtafuta maiti namba 1998, akatokea. 1999, akatokea. 2000, akatokea. 2001: hakuna. Akaniambia tuingize mtu wa majaribio, jina la kubuni. Tukaingiza, ikakubali vizuri tu, ikaandika Imehifadhiwa. Tukamtafuta palepale: hakuna.

Wa elfu mbili tulimpokea mwezi wa tisa mwaka jana. Tangu hapo kila aliyekuja na alama za mtu wake tumemwambia hayupo. Wenye majina walipona, kwa kuwa karatasi ya wodi inawafuata. Lakini wasiojulikana, wa ajali na wa kuokotwa, ni thelathini na mmoja. Wote wamezikwa.

Yule mwanamke hakuwa mbali. Aliletwa siku ambayo si zamu yangu, mwenzangu akamwandika, na kwa kuwa ndani palikuwa pamejaa akawekwa kwenye kontena la baridi nyuma ya chumba cha dobi. Nimepima kwa miguu. Kutoka meza yangu ni hatua arobaini. Zamani ningemchukua mzee, nikampitisha droo kwa droo. Wewe ulisema hakuna haja ya kuwatesa watu hivyo, mashine itatafuta. Picha nazo ulizizima, ulisema zinajaza nafasi.

Namba ya kaburi lake niliiingiza mimi mwenyewe kwenye fomu ya mazishi mwezi wa kwanza, karatasi ya manispaa nikaitupa. Niliingiza makaburi ishirini siku ile, sikumbuki hata moja. Dada wa kompyuta anasema vyote vimo, havijapotea, ila orodha yenyewe anaifungua mwenye akaunti peke yake. Na mwenye akaunti ni wewe.

Fundi saa nimemwambia. Sikuweza kumficha. Hakulia. Aliuliza, "Yuko kaburi gani?" Nikasema bado hatujui. Sasa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje mpaka tunapofunga. Saa ya mkewe ameivaa juu ya ile yake.

Hospitali imeunda kamati. Simu yangu wameichukua kwa uchunguzi, kwa hiyo usipige.

Na jambo moja. Barua ya rejista ina kadi inayorudi kwa aliyetuma. Yangu imerudi. Umesaini tarehe 13 Machi. Sikuulizi.

Fungua akaunti, mwanangu.

Shangazi yako.


6 Juni

Shangazi, shikamoo.

Tumepata mtoto wa kike, tarehe 20 Mei, uzito mzuri, sauti kama king'ora. Mama yake alipasuliwa lakini anaendelea vizuri. Nilitaka nikuandikie siku ileile, mambo yakawa mengi. Mwambie baba kwamba pua ni yake.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nakueleza ilivyo, uelewe.

Kile chombo sikukibuni mimi. Kuna kampuni inakikodisha mtandaoni. Mtu yeyote, hata asiyejua lugha za kompyuta, anaburuta visanduku, anaviunganisha, na kwa wiki moja programu inatembea. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo maradhi yake. Kwenye mpango wa bure unaingiza utakavyo, lakini ukitafuta kinasoma mistari mia tano ya mwanzo tu. Mtengenezaji anaweza kusukuma mpaka elfu mbili, hapo ndipo ukuta. Hakisemi "nimefika mwisho". Kinakujibu kana kwamba kimetafuta kote. Dawa yake ni kupanda daraja, kwenda mpango wa kulipia na kuhamishia orodha kwenye hifadhi kubwa. Ni kazi ya siku mbili. Nilikuwa nimepanga kuifanya kabla sijaondoka, safari ikawa ya ghafla. Hakuna aliyejua mngejaza upesi hivyo.

Tatizo ni kuingia. Akaunti ile inatuma tarakimu za kuthibitisha kwenye laini yangu ya zamani, na laini ile niliitupa tulipohama. Nimewaandikia wenye chombo. Wanachelewa kujibu.

Nakuomba uvumilivu. Na nakuomba lingine, shangazi, usinielewe vibaya: kwenye kamati, je, wameuliza nani aliitengeneza? Uliwaambia nini? Ofisi yangu ni wakala wa wenye chombo hicho. Nilipofanyiwa usaili niliwaonyesha programu ya mochwari, wakaipenda, ndiyo iliyonipa kazi. Likifika huku vibaya, sijui. Nina kichanga sasa.

Kidole


19 Juni

Kidole,

Hongera kwa mtoto. Mungu amkuze. Baba yako alipoambiwa pua ni yake aliishika pua yake mezani, akasema maskini, angechukua ya mama yake.

Umeuliza kamati. Nakueleza.

Walikuwa watano, chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili, kiyoyozi kinatetemesha glasi. Mwenyekiti ni daktari wa mifupa, mtu wa haraka. Akaniuliza, "Programu hii nani aliileta?"

Nikasema, "Mimi."

"Aliitengeneza nani?"

"Mimi."

Mmoja akacheka. "Mama, una miaka hamsini na sita. Uliitengeneza mwenyewe?"

Nikamwambia, "Kuna umri wa kuburuta visanduku? Mtu yeyote anaweza, ndivyo wenyewe wanavyosema." Nilikuwa nimeyasoma kwenye barua yako asubuhi ileile.

Dada wa kompyuta alikuwa pale pembeni. Anaijua anwani iliyo kwenye akaunti, na anajua ni ya mwanamume. Alinitazama muda mrefu, halafu akatazama dirishani. Mwenyekiti akaandika. Nadhani ilimfaa. Mhudumu wa mochwari aliyeleta kitu chake bila ruhusa ni habari fupi kuliko hospitali iliyotumia kitu miaka miwili bila kuuliza ni cha nani. Nimesimamishwa kazi tangu siku hiyo. Ufunguo nimewaachia mezani.

Usinishukuru. Sikulifanya ili unishukuru, na wala sijui kama nililifanya kwa ajili yako. Mimi ndiye niliyebonyeza mara tisa. Ungekuwa hapa ungeniambia nilikuwa sijui. Kweli, sikujua. Lakini zamani nilikuwa na miguu, na mlango wa kontena naufahamu.

Sasa sikiliza. Dada wa kompyuta amenifuata nyumbani. Anasema programu ikifunguliwa sasa kuna maandishi juu: toleo la zamani litafungwa tarehe 31 Julai, na ambacho hakijahamishwa kitafutwa. Wewe kazi yako ndiyo hiyo, kuhamisha. Kwa hiyo ulijua tarehe. Uliniandikia kurasa mbili, tarehe hukuitaja.

Fundi saa bado anakuja kwenye benchi. Alipoambiwa sipo kazini akauliza nyumbani kwangu ni wapi, sasa anakaa ukumbini kwetu na baba yako. Mmoja haoni, mwingine sikio moja halisikii. Wanakaa hivyo mpaka adhuhuri. Jana baba yako alimuuliza kinachomleta. Akasema, "Nasubiri namba." Baba yako akadhani ni foleni ya hospitali.

Laini ya simu haitupwi, Kidole. Nimekulea kuanzia miaka saba, hujawahi kutupa hata betri iliyokufa.

Shangazi.


27 Julai

Shangazi,

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa nne. Ni thelathini na mmoja wote: namba, alama, siku ya kuletwa, siku ya kuzikwa, kaburi. Nimetuma kwa basi la abiria, si kwa posta, mpokeaji ni dada wa kompyuta. Nakala nyingine nimemtumia kwenye barua pepe yake, na orodha nzima nimeihamishia kwenye hifadhi mpya kwa jina la hospitali. Haitafutwa.

Nilipoandika kwamba laini niliitupa nilikudanganya. Ilikuwa nyumbani kwenye droo ya meza yangu, ndani ya kiberiti.

Nilipoandika kwamba hakuna aliyejua nilikudanganya pia. Ukiitengeneza programu na ukafikia mahali ambapo utafutaji hautafika mwisho, chombo kinakuwekea alama ya onyo, kipembe cha njano, kinakuonyesha wewe mtengenezaji peke yako, na kinakuandikia kabisa: majibu yanaweza yasiwe kamili. Nilikiona. Nikasukuma mpaka elfu mbili, kipembe hakikuondoka. Kuna kitufe cha kukificha. Nilikificha kwa sababu kesho yake mganga mkuu alikuwa anakuja kuiona programu na sikutaka aulize. Nikaandika kwenye daftari langu: wakifika elfu moja na mia tano, wapandishwe daraja. Daftari ninalo. Wenye chombo waliniandikia barua pepe pia mwaka jana, mwezi wa nane na wa tisa, kwamba mmekaribia, kisha mmefika. Nilizisoma. Nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ikapita, na baada ya Jumamosi kadhaa nikaanza kuogopa kufungua, maana nikifungua ningejua ni wangapi.

Kilichonifanya nifungue sasa, sitaki kusema ni wema. Alhamisi nilikuwa nafundisha wateja. Nilifika kwenye kipengele cha vikomo, nikaeleza kama kawaida: inasoma elfu mbili, zaidi ya hapo inajibu hakuna. Mwanamke mmoja wa zahanati akanyoosha mkono. "Na huyo mgonjwa wa elfu mbili na moja, anaambiwaje?"

Nikasema, "Haambiwi kitu."

Watu wakaandika kwenye madaftari yao. Waliandika hivyohivyo nilivyosema. Nikaomba radhi, nikatoka, nikaenda nyumbani kuchukua laini.

Namba 2117. Mwenzako wa zamu aliandika hivi, sikugusa neno: "Mwanamke, miaka 60 na kitu. Kovu la moto mkono wa kushoto. Kitambaa kijani. Saa ya kiume, mkanda umeshonwa. Kucha zimekatwa vizuri, nywele zimesukwa karibuni. Huyu ana watu."

Aliletwa tarehe 19 Oktoba. Alizikwa tarehe 22 Januari. Sehemu B, kaburi 114.

Lazima ujue na hili kabla hujampeleka mzee: kaburi 114 limeandikwa kwa namba nne. Walizikwa wanne pamoja.

Nimeiandikia kamati barua kwa jina langu kamili. Nimeeleza yote, na kipembe cha njano. Nimeambatisha ukurasa wa daftari. Mkuu wangu wa kazi nimemweleza vilevile.

Sijui nikuombeje msamaha, kwa hiyo sijaomba.

Kidole


2 Septemba

Kidole,

Kurasa zilifika tarehe 29. Dada wa kompyuta alizileta kwa miguu, jua kali, hakukubali hata maji.

Tulikwenda kesho yake, mimi na fundi saa. Makaburi ya manispaa yako nyuma ya kiwanda cha matofali, hakuna mti, ni vijiti vya chuma vyenye vibao vya bati. Msimamizi akatuongoza mpaka 114. Ni tuta moja, refu kidogo kuliko mengine. Mzee akauliza, "Yuko upande gani?" Msimamizi akanitazama mimi. Nikasema hatujui, hilo halikuandikwa, hapakuwa na mahali pa kuliandika. Akazunguka tuta mara mbili polepole. Halafu akakaa chini katikati, kwenye udongo, na shati lake jeupe.

Baadaye akaniuliza bila kugeuka. "Zile mara nilipokuja. Alikuwa pale?"

"Alikuwa pale."

"Mara zote?"

"Mara saba za mwanzo. Mbili za mwisho alikuwa ameshakuja huku."

"Hatua ngapi?"

Nikamwambia arobaini. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea bei. Akasema, "Ulikuwa unanipa chai." Hakusema kwa ubaya, Kidole, na ndiyo maana sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Umeuliza moyoni, najua, habari za wale thelathini wengine. Tumewapata ndugu wa wanne. Mmoja nilimkumbuka kwa sababu alikuja na watoto mapacha, wengine watatu walisikia habari wakaja wenyewe. Waliobaki hatuwapati. Tuliwaandika maiti, Kidole. Walio hai waliokuja kuuliza, tukawaambia hakuna, hatukuwaandika popote. Hatuna hata jina la mmoja. Wapo huko majumbani mwao, wanaamini mtu wao yuko hai mahali, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia.

Kamati ilikuwa imekwisha kunistaafisha wiki moja kabla ya barua yako kufika. Niliitwa kusikiliza. Mwenyekiti aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. Akasema, "Huyu si mwajiriwa wetu, na faili limefungwa." Nikasema, "Lifungueni." Akaniambia nina bahati sikushtakiwa. Basi. Dada wa kompyuta ameomba kuhama. Tableti imewekwa kabatini, wamerudi kwenye madaftari. Wala hayana mpango, kila mtu anaandika anavyotaka, lakini mtu akija kuuliza wanampitisha ndani, droo kwa droo, anatazama kwa macho yake. Wengine wanazimia. Wanaamka.

Mkeo alinipigia kwa simu ya jirani wiki iliyopita. Alidhani tutafurahi. Kumbe umethibitishwa. Mkuu wako alipenda ukweli wako, na kisa cha mochwari sasa kinafundishwa kwa wateja kama funzo la kupanga mapema, bila kutaja mahali. Nilimwambia amnyonyeshe mtoto vizuri.

Baba yako barua yako ya mwisho nimemsomea yote, sikuruka neno. Alitaka nirudie. Nilipofika kwenye kile kipembe mara ya pili akasema, "Inatosha." Ameacha matone ya macho. Nikimwambia anasema haoni la kutazama. Usimwandikie kwanza. Nitakuambia lini.

Mimi sina hasira nawe ya kukuonyesha. Ningekuwa nayo ingekuwa nafuu. Nakukumbuka una miaka kumi umefungua redio ya jirani, vyuma vyote viko mkekani, umekaa katikati huna hofu, unaniambia, "Shangazi, najua kila kimoja kinakaa wapi." Nilikuamini siku ile, na nimeendelea kukuamini mpaka mwezi wa pili mwaka huu.

Sasa sababu ya barua hii. Fundi saa alikuja juzi, akaniuliza aliyetengeneza kile chombo ni nani. Nilikuwa nimemwambia ni mimi, kama nilivyoiambia kamati. Akasema, "Mama, wewe hujui hata kuiweka saa yako mbele dakika tano, mimi ndiye ninayekuwekea. Ni nani?" Nikamwambia. Akaomba anwani. Nilimuuliza kama anakuja kwa shari. Akasema anataka tu kuambiwa na mtu anayejua, imekuwaje mashine ikasema hakuna kuhusu mahali ambapo haikutafuta. Anasema mimi nimemweleza mara nyingi na hajaelewa, na kwamba yeye ni fundi, akielezwa na fundi mwenzake ataelewa.

Ameondoka jana asubuhi kwa basi. Karatasi hii huenda ikafika baada yake.

Sikio lake la kulia halisikii, kaa kushoto kwake. Usimweleze mbele ya watu sita. Usimpe chai.

Shangazi yako.